Ua la Penseli

Bethel Grove, Iowa
Jumapili jioni, Machi 9, 1997

Dada yangu Ardith,

Salamu zikufikie huko kwenye jua lako la Arizona, wewe pamoja na shemeji Wendell. Goti linaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza ngazi, na kwa jinsi ninavyokujua, nina hakika umeshapanda darini kutafuta masanduku yako tangu siku hiyo hiyo. Tafadhali tulia, dada. Sisi huku tuko salama kwa ujumla. Theluji imeanza kuyeyuka na njia ya makaburini ni tope tupu, lakini jana nilivaa viatu vya mpira nikaenda kuliondoa shada la Krismasi kwenye kaburi la mama. Mimi mwenyewe sina ugonjwa wa kutaja, ila usingizi umenihama.

Kadi yako nimeipata. Hongera ile ya maandishi ya dhahabu imenichoma, nawe huna kosa. Umeniuliza tarehe, umeniuliza rangi ya maua, umeniuliza kama gauni la mama bado linanikaa au tuliongezee kitambaa kiunoni. Niliisoma nimesimama kando ya sanduku la barua, nikarudi ndani nikakaa jikoni na koti langu mwilini mpaka kahawa ikapoa. Aliyekupa habari namjua, ni Dena, maana kwa Dena habari hailali hata siku moja. Sasa nakuomba usikate tiketi. Harusi haipo. Na kwa kuwa najua utapiga simu kuuliza, na mimi kwenye simu nitalia tu, nimeona nikuandikie yote tangu mwanzo, halafu uniambie wewe mwenyewe mdogo wako ni mtu wa namna gani.

Unaikumbuka maktaba ya kanisa, kile chumba cha chini kando ya tanuri la kupasha joto. Wewe ulikuwa ukikicheka. Ulisema vitabu vyetu vyote ni kitabu kimoja, kwamba msichana mwenye kofia ya kamba anasimama kwenye ngano, mwanamume anakuja na farasi, wanasali, wanagombana, wanasali tena, halafu anabusiwa ukurasa wa mwisho kama mtu anayelipwa mshahara wa mwezi. Sikatai, vipo vya hivyo, tena vingi, vitamu mpaka meno yanauma. Lakini katika miaka yote hii ya kuvipanga rafuni nimejifunza kuvitenga. Kuna vile ambavyo watu wanapendana kwa kufuliana nguo na kusubiriana, ambavyo mtu anaomba na hajibiwi upesi, na mwenye haya yake haonekani mjinga. Hivyo ndivyo ninavyoviona vinastahili kusomwa, na ukimpa mtu kimoja mkononi anakurudishia akiwa mtu mwingine kidogo. Usinicheke.

Kila kitabu kipya lazima kwanza kipite kwa Dena, ambaye ni mkuu wa kamati. Anakisoma kuona kama kuna matusi, au mtu kulala mahali asipostahili kulala, kisha anakibandika njiwa mweupe mgongoni kuonyesha ni safi. Kitabu chenye mashaka hukaa naye muda mrefu zaidi. Mwaka juzi alikaa na kimoja majira yote ya baridi, na nilipomdai alisema kuna sura moja imempa shida, ameisoma mara kadhaa na bado hajaamua.

Jambo jingine ambalo huenda umelisahau ni alama. Kwa kuwa majalada yanafanana, na majina ya vitabu yanafanana zaidi, kila mama hapa ana alama yake anayoichora kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa mwisho, ili asije akaazima tena kitabu alichokwisha kukisoma. Kuandika ndani ya vitabu ni marufuku, mimi mwenyewe ndiye niliyebandika tangazo, na mimi mwenyewe najifanya sioni. Dena ana mkasi kwa sababu ni mshonaji. Mama alikuwa na kijiko. Henrietta, mke wa Gerrit, alikuwa na ua la tulipu, dogo, petali tatu na jani moja.

Henrietta ulimjua, ila sijui kama uliwahi kumjua hasa, maana mlipishana darasa. Alikuwa mcheshi kwa sauti ya chini. Alisoma kuliko mama yeyote kanisani, na hakutaka vya sukari. Aliniambia nimpe cha maana, kama hakipo basi akae na mwongozo wa trekta. Alipopata uvimbe kichwani na kushindwa kuja kanisani, Gerrit ndiye aliyekuwa akishuka ngazi kila Jumapili baada ya ibada, kofia mkononi, kumchagulia. Nami nilikuwa namtazama mwanamume mkubwa yule, mfugaji wa ng'ombe, anafungua kitabu kimoja baada ya kingine ukurasa wa mwisho, anatafuta ua, akiliona anakirudisha rafuni taratibu kama anayerudisha yai kwenye kiota.

Alhamisi moja nikampelekea Henrietta supu wakati Gerrit yuko malishoni. Akaniambia nifunge mlango. Akasema macho yamekwisha kazi, kwamba herufi zilianza kucheza, kisha zikawa ukungu, na sasa anashika tu kitabu mbele ya uso na kugeuza kurasa kwa kukisia, ili Gerrit aliyekaa kiti cha pili na gazeti lake la wakulima asijue. Nikamuuliza kwa nini asimwambie. Akanijibu hivi, maneno yake ninayo mpaka leo: "Akijua macho yamekwenda, atajua na mimi nakwenda. Mwache ajue siku yenyewe."

Shida ilikuwa kwamba kila siku baada ya chakula cha jioni Gerrit alikuwa akimuuliza watu wake wamefikia wapi, yaani watu wa kitabuni. Ilikuwa desturi yao ya miaka. Basi Henrietta akaniomba niwe nampigia simu mchana nikitoka kazini kwangu, jikoni pale shuleni, wakati Gerrit anakamua, nimsimulie sura mbili tatu, naye atamsimulia Gerrit jioni. Nikakubali. Majira yale yote ya baridi nilisoma usiku, nakala nilizoazima maktaba ya umma, na kusimulia mchana. Na unanijua, dada, mimi sisimulii kitu kikavu. Niliongeza chumvi. Niliwapa watu tabia, nikawapa maneno ambayo mwandishi hakuwapa, na palipokuwa na huzuni isiyofaa kumwambia mgonjwa nilipapunguza. Henrietta alikuwa akicheka kwenye simu mpaka anakohoa. Kila kitabu kilipokwisha alichora ua lake kwa kupapasa, kwa sababu Gerrit angelitafuta. Petali ziliangukia nje ya kikonyo. Gerrit alidhani ni mkono unaotetemeka.

Alikufa Februari, miaka miwili iliyopita. Wewe ulituma maua, nakushukuru tena.

Ilipofika Pasaka, Gerrit akashuka ngazi. Nilidhani anarudisha kitabu cha mwisho, na kweli alikirudisha, lakini akabaki amesimama. Akaniuliza kama anaweza kuazima yeye. Nikamwambia achague. Akasema anataka vile vyenye ua, kwa mpango alivyovisoma mkewe, vya zamani kwanza. Dada, nililazimika kugeuka nikapange kitu ambacho kilikuwa kimeshapangwa.

Kwa hiyo akaanza. Alisafiri na vitabu vile kwenye pikapu, msichana mwenye kofia ya kamba amelala juu ya dashibodi pamoja na dawa ya kwato. Wanaume wa ghala la nafaka hawakumwacha. Walikuwa wakimuuliza, "Vipi Gerrit, binti ameshapata mchumba?" naye hakuinua hata uso, alijibu, "Bado, ila kuna mchungaji mpya kahamia kijijini, na mimi simwamini." Baada ya muda wakawa wanauliza kwa kutaka kujua kweli.

Kila Jumapili wengine wakiwa juu na kahawa na keki za lozi, yeye alikuwa chini kwangu, amekaa kwenye kiti cha watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamefika kifuani, tunazungumza juu ya kitabu. Si mwongeaji, unamjua. Lakini mtu akiwa na kitabu katikati anaongea bila kujua anaongea. Kisha rafu iliyokuwa imelegea ikakazwa. Taa iliyokuwa ikipepesa ikabadilishwa. Novemba akaniletea nyama ya ng'ombe wake imefungwa kwa karatasi, kipande cha mgongo, si cha supu, na Dena alipoiona karatasi ile kwenye gari langu alisema, "Mwenzangu, kwa kipande hicho mtu hatafuti kitabu." Nikamwambia aache upuuzi. Nilikuwa na miaka hamsini na saba na moyo ulikuwa ukinidunda kama wa msichana wa kwenye ngano.

Nakwambia waziwazi, maana ni wewe: nilimpenda. Sijui ni siku gani. Nilikuwa nimeshakubali kwamba mambo hayo nitayapanga rafuni tu, ya watu wengine, kwa alfabeti. Halafu mtu anakaa kwenye kiti cha mtoto anakuuliza unadhani yule dada alifanya vizuri kumsamehe kaka yake, na anasubiri jibu lako kweli, hatazami saa.

Taabu yangu ilianza alipofikia vitabu vya majira yale ya baridi. Hapo akaanza kuniambia maneno ya Henrietta. Anacheka, anasema, "Henrietta alisema huyu binti ana kichwa kigumu kama mlango wa friji la zamani, ukiuvuta hauji, ukiuacha unajifungua wenyewe." Alisema hayo akafuta macho. Yale ni maneno yangu, Ardith. Niliyasema kwenye simu nikiwa na aproni, nikilitaja friji la mama. Mara ya kwanza nilifurahi kimyakimya kama mtu anayesikia wimbo wake unaimbwa nyumba ya jirani. Mara ya pili pia. Lakini kila Jumapili yakaja mengine, na kila moja alilileta akiwa amelishika kwa mikono miwili, la marehemu, na mimi natikisa kichwa kusema kweli, Henrietta alikuwa na ulimi. Siku moja akaniambia kwamba zile jioni za mwisho ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote katika ndoa yao, kwa sababu hajawahi kumsikia mkewe akiongea kwa uhuru namna ile. Nilipanda ngazi nikaenda kunawa uso.

Januari akanialika. Alisema binti yake Janelle atakuja kutoka Des Moines na mumewe, na kama sina shughuli nije kula chakula cha Jumapili baada ya ibada. Unajua maana yake kwetu. Mjane akikuketisha mezani kwake mbele ya watoto wake, watu hawaulizi tena, wanaanza kutafuta sufuria za kukutunza. Tarehe ikapangwa, Jumapili ya kwanza ya Machi. Dena akakupigia simu. Mimi nikanunua kitambaa cha blauzi, rangi ya samli, na sijawahi kuvaa rangi hiyo.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Gerrit akashuka na kitabu cha mwisho kabisa chenye ua. Hakukiweka mezani. Alikaa nacho mapajani. Nikajua kuna jambo.

Akaniambia amekutana na kitu asichokielewa. Katika kitabu kile kuna babu yake msichana, fundi viatu, anaugua katikati. Henrietta alipomsimulia, yule mzee alipona, akarudi dukani, akawashonea bwana na bibi harusi viatu. Lakini kitabuni mzee anakufa. Ameurudia ukurasa, amerudia sura nzima, mzee anakufa na anazikwa. Akasema amekaa na jambo hilo siku kadhaa huko zizini mpaka akalielewa. "Alijua anakufa, Marlys. Akasoma mzee anakufa, akafunga kitabu, akanitazama mimi, akamponya. Alimponya ili mimi nilale." Na machozi yakamtoka bila kujificha, yanapita kwenye mikunjo ya uso, na akasema sasa amepata amani, kwamba mtu aliyependwa hivyo anaweza kuendelea na maisha bila kuogopa.

Angalia, dada. Alikuwa ananiambia mimi. Alikuwa anafunga mlango mmoja taratibu ili afungue mwingine, na wa pili ulikuwa wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya na kumpa leso. Mtoto mdogo angejua.

Nikasema, "Gerrit, yule mzee nilimponya mimi."

Nikamweleza yote. Macho, simu za mchana, supu ya Alhamisi, friji la mama. Nilijisikia nikieleza kwa utaratibu mzuri kabisa, kama ninayesoma ripoti ya kamati. Alinisikiliza bila kunikatiza. Juu yetu watu walikuwa wakivuta viti na vikombe vinagongana. Nilipomaliza akakitazama kitabu mkononi, akakifungua ukurasa wa mwisho, akalitazama lile ua lililotawanyika, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa nini limetawanyika. Alikuwa amekaa kiti cha pili majira yote yale, mkewe haoni, naye anasoma bei ya mahindi.

Akakifunga kitabu. Kisha akaniuliza kitu, akitazama sakafu. Alisema kuna kingine ambacho hakukikuta kitabuni. Henrietta alimsimulia kwamba yule msichana aliulizwa na dada yake kwa nini anamtaka mwanamume asiyeongea. Msichana akajibu kwamba alimwona siku ya theluji kubwa amemweka ndama mchanga kwenye kiti cha mbele cha gari, ndama ambaye kila mtu alisema atakufa, amevua koti lake amemfunika, na njia nzima anaongea naye. Akasema, mtu anayeongea na ndama hivyo, mimi nitamsubiri mpaka ajifunze kuongea na mimi. Gerrit akasema aliwahi kumbeba ndama namna hiyo alipokuwa kijana, kwenye gari la baba yake, kabla hajaanza kumposa Henrietta. Hakuwahi kumwambia mtu. Siku zote amekuwa akijiuliza kama kuna aliyemwona.

Akainua uso. "Na ndama? Naye ni wako?"

"Naye ni wangu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi imetokea tu kufanana." Akainuka kutoka kile kiti kidogo kwa shida, akakiweka kitabu mezani, akakilaza vizuri kilingane na ukingo. Akaniambia asante kwa kumweleza ukweli. Akavaa glavu zake kidole kimoja kimoja, akapanda ngazi.

Jumatano Janelle akapiga simu, sauti ya heshima, akasema chakula kimeahirishwa, baba hajisikii vizuri. Hakusema hadi lini. Jumapili ile, na leo tena, Gerrit amekaa upande wa madirisha, na baada ya baraka ametoka kwa mlango wa mbele na kwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Alinipungia mkono kama anavyompungia mtu wa posta. Hajashuka ngazi. Mvulana wa Dena ananiambia huko ghala la nafaka dashibodi ni tupu, na hakuna anayemtania tena, wanamuuliza tu habari za malisho.

Dena amekuja na mkate wa ndizi. Anadhani Gerrit ameingiwa na woga, anasema wanaume wajane wote ni kama farasi wa mnada, wanarudi nyuma mlangoni. Nilipomdokeza kidogo tu kwamba kulikuwa na jambo nililopaswa kumwambia ukweli, alinishika mkono akasema nimefanya vema, kwamba mapenzi yasiyojengwa juu ya ukweli ni bure, na kwamba katika vitabu vyetu vyote vizuri ndivyo inavyokuwa, mtu anasema kweli na mwisho anapata. Nilikula mkate wake.

Sasa nifikie lile ambalo limenifanya nichukue kalamu, na ambalo sikuweza kumwambia Dena.

Mimi sikusimulia ndama. Sijawahi. Katika simu zote zile hakuna ndama hata mmoja, wala hakuna theluji kubwa, wala dada anayeuliza swali. Mimi ng'ombe namjua akiwa kwenye sahani, nitajuaje kwamba anawekwa kiti cha mbele na kufunikwa koti. Jioni ya siku ile nilikipitia kitabu chote, ingawa nilijua sitakuta kitu, na sikukuta kitu. Ndama ni wa Henrietta. Alimwona. Alikuwa msichana, alisimama mahali fulani barabarani kwenye theluji, akamwona Gerrit, akakaa na jambo hilo moyoni miaka yote ya ndoa yao, maana wale wawili hawakuwa watu wa kuambiana mambo kama hayo. Na alipoona anakufa, na macho hana, akalichomeka katikati ya hadithi yangu ya kwenye simu ili aweze kulisema mbele yake bila kuona haya. Lilikuwa ndilo neno lake pekee katika majira yale yote, Ardith. Mengine yote yalikuwa yangu. Hilo moja lilikuwa lake, na lilikuwa kwa ajili yake yeye Gerrit.

Nami nilijua papo hapo. Usinitetee kwamba nilichanganyikiwa. Aliponieleza habari ya ndama nilimwona Henrietta wazi kabisa, na nilijua nikisema huyo si wangu, huyo ni mkeo, alikuona, basi Gerrit atarudi kwake dakika ile ile na mimi nitabaki na friji langu la zamani. Nilikuwa nimechoka kusikia maneno yangu yakipendwa kwa jina la mtu mwingine. Nilitaka kwa mara moja apendwe mwenye maneno. Kwa hiyo nikachukua hata lisilo langu. Haikuwa kweli iliyonisukuma hata nilipoanza, ilikuwa wivu, wivu kwa mwanamke aliyekufa ambaye alikuwa rafiki yangu na aliniamini kwa siri ya macho yake. Na sasa mwanamume yule amekaa peke yake kwenye nyumba ile akiamini kwamba hakuna aliyemwona kwenye theluji.

Nimeona aibu kuomba hata samahani kwa Mungu kabla sijafanya linalotakiwa kufanywa kwanza. Kesho asubuhi nitapita posta kukutumia barua hii, kisha nitaendelea na barabara hiyo hiyo mpaka kwa Gerrit, wakati anamaliza kukamua. Sitaingia ndani hata akinikaribisha, na sidhani atanikaribisha baada ya kusikia. Nitamwambia nikiwa mlangoni, kwa maneno machache, bila kuongeza chumvi, kwamba ndama alikuwa wa Henrietta. Akishajua hilo atajua pia kwamba nilimdanganya saa ile ile aliponishukuru kwa ukweli, na hapo dada yangu hata kule kupungiwa mkono kutakwisha. Nimelifikiri hilo. Nitakwenda tu. Kitabu nitakichukua nimpe, kisirudi rafuni. Kina ua la mkewe, la mwisho alilochora.

Kitambaa cha rangi ya samli nitakuletea wewe nikija Krismasi, kitakupendeza zaidi huko kwenye jua. Kadi yako sijaitupa, nimeiweka kwenye droo ya vitambaa vya meza. Mpe shemeji Wendell salamu zangu, mwambie juu ya ile injini ya mashine ya nyasi nitafuata ushauri wake. Wabusu wajukuu zako, watoto wa Carla, hasa yule mdogo anayekataa kuvaa soksi. Na goti lako lipumzishe, kama si kwa ajili yako basi kwa ajili yangu, maana sina mwingine wa kumwandikia mambo ya namna hii.

Niombee, ingawa barua hii ikikufikia ile saa mbili ya kesho asubuhi itakuwa imeshapita.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Marlys